Akaju, libuyu, mvule au mkaratusi: ubao gani kwa fanicha yako hapa Goma

Juzi mama mmoja wa mtaa wa Himbi aliingia kwenye atelie yangu na picha kwenye simu: meza ya watu sita, nyekundu, inang'aa mpaka taa ya dari inaonekana juu yake. "Papa, wameniambia hii ni akaju. Ni ya kweli?" Nikamwomba picha ya upande wa chini wa meza. Hakuwa nayo, kwa sababu muuzaji hakumruhusu kuiinamisha. Basi nikachukua vipande vitatu kwenye rundo la mabaki, nikavilaza kwenye benchi, nikamwambia, "Mama, nichagulie akaju." Akagusa kile kilichokuwa chekundu kuliko vyote. Kilikuwa mkaratusi niliokuwa nimeujaribia rangi ya verni asubuhi hiyo. Akaju yenyewe ilikuwa kile cha pembeni, cha rangi ya waridi iliyopauka, ambacho hakukitazama mara mbili.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa wengi wanaoniuliza swali hilo hilo. Kwetu hapa meza nzuri ni akiba ya miezi mingi, na mtu anayelipa bei ya akaju ana haki ya kujua analipia nini. Tena kuna jambo ambalo mafundi hatulisemi sana mbele ya mteja: mara nyingi kazi anayotaka haihitaji akaju hata kidogo.

Jina moja, miti mingi

Neno akaju tumelipokea kutoka Kifaransa. Asili yake ni Brazili, kwenye lugha ya Watupi, ambako lilikuwa jina la mkorosho, na ndiyo sababu korosho kwa Kifaransa bado inaitwa "cajou". Mkorosho na akaju ya fanicha si wa ukoo mmoja. Jina lilihama tu kutoka mti mmoja hadi mwingine, na tangu hapo halijaacha kuhama.

Akaju ya kwanza kujulikana Ulaya ni Swietenia, mti wa visiwa vya Karibi na wa Amerika ya Kati na ya Kusini. Uingereza ilipoondoa ushuru wa mbao za makoloni yake mwaka 1721, mbao hizo ziliingia London kwa wingi, na karne nzima ya fanicha ya Kiingereza ikajengwa juu yake. Baadaye wafanyabiashara walikuja Afrika, wakakuta jamaa ya mti ule, Khaya. Ile tunayoita akaju hapa Goma ni Khaya, hasa Khaya anthotheca, inayoshuka kutoka misitu ya upande wa Beni, Ituri na Walikale. Fundi akikuapia kwamba yake ni "akaju ya Amerika", muulize ilipita mpaka gani kufika hapa.

Libuyu ni jina linalotumika kwenye depo za mbao. Linabeba miti kadhaa ya kundi la Entandrophragma, ambalo ni la ukoo mmoja na Khaya, yaani Meliaceae. Sapelli na sipo zinazouzwa Kinshasa na Ulaya ni za kundi hilo. Mmoja wa miti hiyo, Entandrophragma excelsum, huota kwenye misitu yetu ya milimani huku Kivu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa wameupima mmoja kule Kilimanjaro wenye mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko wote waliowahi kuupima Afrika. Mimi nikishika ubao wa libuyu huwa nakumbuka kipimo hicho, na sitaki kuharibu hata kipande.

Kwa hiyo akaju na libuyu ni ndugu. Mvule, mkaratusi na grevilea, mti mwingine wa mashambani, ni wa koo nyingine kabisa, hata vikipakwa rangi ile ile.

Soma kichwa cha ubao

Rangi ya uso usiiamini. Akaju ikiwa mbichi huwa ya waridi, na ikikaa kwenye mwanga miezi kadhaa huiva, ikawa nyekundu ya kahawia. Libuyu hufanya vivyo hivyo. Ubao wa miaka miwili dirishani na ubao wa wiki hii kutoka mti mmoja wanaweza kuonekana kama wageni wawili.

Penye ukweli ni kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata nyuzi kwa kukingama. Lakini usikisome kikiwa na alama za msumeno, hutaona kitu. Chukua kisu chenye makali ya kunyolea au patasi iliyonolewa vizuri, ukwangue eneo la ukucha wa kidole gumba mpaka ling'ae. Lilowanishe kwa mate kidogo. Kisha fungua kamera ya simu, ivute karibu uwezavyo, utazame.

Kwenye akaju utaona vitundu vikubwa kiasi, vimetawanyika ovyo kama uso wa mkate uliochomwa sindano. Baadhi vimezibwa na utomvu mwekundu mweusi, na utomvu huo ukiukuta ni dalili nzuri. Kati ya vitundu pako wazi, hakuna mistari inayozunguka kama pete. Kwenye libuyu ya aina ya sapelli vitundu ni vidogo zaidi, na kati yake inapita mistari myembamba, myeupe kidogo, yenye mawimbi, mmoja juu ya mwingine. Kwenye libuyu nyepesi mistari hiyo hufifia, kwa hiyo ukiikosa usikate shauri hapo hapo. Nenda kwenye pua.

Pua, ndiyo. Kata libuyu ya aina ya sapelli kwa msumeno, unuse unga wake wa moto: ni harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Akaju haina harufu ya kukumbukwa. Wanafunzi wangu wa kazi hujifunza hili ndani ya siku moja, na baada ya hapo wanatofautisha mbao mbili gizani.

Alama ya tatu iko kwenye uso uliopasuliwa kuelekea kiini cha mti. Libuyu hapo hutoa michirizi ya utepe, mmoja wa giza, mmoja wa mwanga, mipana kama kidole, iliyonyooka. Ukitembea kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, michirizi hubadilishana: iliyokuwa giza inang'aa, iliyong'aa inafifia. Akaju nayo ina mchezo huo, ila utepe wake ni mpana na hauna mpangilio. Rangi ya kupaka haiwezi kuiga jambo hili, kwa sababu rangi haibadiliki unapohama.

Mvule utautambua kwa umanjano wake unaogeuka kahawia ya dhahabu, na kwa vijistari vyepesi vya kuvunjikavunjika kwenye uso. Grevilea ukiipasua kuelekea kiini inaonyesha madoa yanayometameta, yamepangana kama magamba ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Huwezi kuyakosa. Mkaratusi ni mzito mkononi, nyuzi zake zimebana, na mara nyingi una mifuko midogo ya utomvu mwekundu uliokauka au nyufa nyembamba zilizoanzia kichwani.

Akaju na libuyu kwenye benchi

Sasa tuwalinganishe ndugu hawa wawili, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kwa uzito, akaju yetu ikikauka ina kama kilo 530 kwa mita moja ya ujazo. Sapelli inakaribia 650. Meza ya mita mbili kwa moja, yenye unene wa sentimita tatu, juu peke yake itakuwa na kilo 32 ikiwa ya akaju na 39 ikiwa ya sapelli. Kama nyumba yako ni ya mbao juu ya mawe ya volkano, na meza inasogezwa kila jioni ili watoto watandikiwe godoro, tofauti hiyo utaisikia mgongoni.

Kwa utulivu akaju inashinda waziwazi. Ubao uliopasuliwa kawaida, kutoka ubichi mpaka kukauka kabisa, hupungua upana kama asilimia 4.5 ukiwa wa akaju, na kama 7.4 ukiwa wa sapelli. Chukua ubao wa sentimita 30: mmoja unapoteza sentimita moja na theluthi hivi, mwingine sentimita mbili na zaidi. Baada ya kukauka, ubao unaendelea kupumua vivyo hivyo kwa kiasi kidogo, unavimba mvua zikianza, unarudi kiangazi kikiingia. Mlango wa kabati unaokataa kufunga mwezi wa Aprili na kucheza mwezi wa Julai, hiyo ndiyo habari yake. Ndiyo maana kwa milango mipana ya kabati na kwa droo mimi nachagua akaju bila kusita.

Kwa ugumu libuyu ina faida. Akaju huumia upesi: kijiko kikianguka kinaacha alama, kalamu ya mtoto anayeandika bila kitu chini inaacha maneno. Meza ya kulia chakula ya familia yenye watoto wanne, mimi naitengeneza kwa libuyu, mradi fundi ajue kuiacha ipumue. Juu ya meza pasigandishwe kwa misumari kwenye fremu. Pashikwe kwa vishikizo vidogo vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji, ili ubao upanuke na kurudi bila kujipasua. Ukitaka kumpima fundi wako, muulize swali hilo moja: "Juu ya meza utapashika vipi?"

Kwa kupiga randa, au raboti kama tunavyosema hapa, zote mbili ni wasumbufu, na sababu ni moja. Nyuzi zao zinapishana: tabaka moja linaelekea kulia, linalofuata kushoto. Kwa hiyo upande wowote utakaopiga, nusu ya nyuzi utakuwa unazipiga kinyume, na zinang'oka vipande kama nywele za kuvutwa. Niliharibu mbao nyingi nilipokuwa kijana kabla ya mzee aliyenifundisha kunishika mkono. Alinoa chuma mpaka kikanyoa nywele za mkono wake, akakirudisha mpaka kikatoa unyoya mwembamba wa kupitisha mwanga, akaishika randa kwa mshazari, kisha akaipitisha polepole bila kuikandamiza. Pale palipobaki na majeraha hakurudia randa. Alichukua kipande cha msumeno wa zamani, kilichonyooshwa ukingo, akakwangua. Msasa ulikuja mwisho kabisa. Akaju ina kasoro yake nyingine hapo: uso wake hupenda kuota manyoya laini. Ulowanishe kwa kitambaa chenye maji kidogo, uache ukauke, manyoya yasimame, ndipo upitishe msasa mwembamba.

Libuyu haipendi chuma penye unyevu. Msumari wa kawaida, au hata vumbi la chuma kutoka kwenye mashine ya kunolea, likiangukia ubao wenye maji huacha doa la buluu nyeusi lisilotoka kwa urahisi.

Kuna kasoro moja ya akaju inayofichika, na nimeshaona kiti kikivunjika kwa ajili yake. Ndani ya mti mkubwa nyuzi huweza kukatika kwa kukingama wakati mti ungali umesimama au unapoanguka. Kwenye ubao uliopigwa randa hutokea kama mkunjo mwembamba sana unaopita kinyume cha nyuzi, kama ngozi iliyokunjwa. Pitisha ukucha, utausikia. Ubao huo unafaa mgongo wa kabati tu. Usikubali uwe mguu wa kiti.

Mvule una kazi zake

Kwa mlango wa nje, fremu ya dirisha, benchi ya uani na chochote kitakachonyeshewa, mvule unazishinda zote. Mchwa hauupendi, na kuoza kunachelewa sana. Ila una mawe ndani yake, chokaa iliyoganda, inayovunja makali ya msumeno ghafla, na unga wake huwasha pua, macho na ngozi. Fundi anayeukata kila siku afunge kitambaa kizito puani. Nawaomba vijana wa atelie wasilichukulie hili kama mzaha.

Mkaratusi usidharauliwe

Watu husema "wameniuzia mkaratusi" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Kweli, aliyeuziwa mkaratusi kwa bei ya akaju ameibiwa. Lakini mti wenyewe hauna hatia. Tazama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, linaposhuka na magunia ya viazi na makaa, likipiga mawe ya lava siku nzima. Mara nyingi lile ni mkaratusi. Kwa fremu ya kitanda, chaga, miguu ya benchi na mbao za kubeba uzito, ni ubao wa kuaminika, na unatoka mashambani mwetu, haukutolewa msituni.

Shida yake ni maji. Mkaratusi hupungua sana unapokauka, na hupinda na kupasuka ukiharakishwa. Hili nimelipia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mbao kwenye depo moja, wakaniambia zimekaa mwaka mzima. Nilizigusa, uso ulikuwa mkavu, nikaamini. Nikamtengenezea mteja meza. Mwezi wa saba ikapasuka katikati kwa sauti, usiku, nyumba nzima ikaamka. Nilimtengenezea nyingine kwa pesa yangu, na tangu siku ile hakuna ubao unaoingia kazini kwangu bila kupimwa.

Kipimo hakihitaji mashine ya bei. Panga mbao kivulini kwenye upepo, zisiguse ardhi, weka vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, vichwa vipake rangi yoyote ya mafuta ili maji yasikimbilie huko. Chagua ubao mmoja, uupime kwa mizani ya kupimia viazi, uandike kilo kwa penseli juu yake. Wiki ijayo uupime tena. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka. Ukisimama wiki nne mfululizo, ubao umefikia hali ya hewa yetu. Kwa unene wa sentimita mbili na nusu, hesabu miezi mingi, hata mwaka. Hapa ziwa liko karibu na mvua hazikai mbali.

Grevilea ina tabia ya upole zaidi, ni rahisi kuitengeneza na inapendeza kwa kabati la vitabu au droo za ndani. Baadhi ya watu huwawasha ngozi ikiwa mbichi.

Ikiwa verni imeshapakwa

Hapa ndipo mama wa Himbi alipokuwa. Meza imekwisha, inang'aa, na kichwa cha ubao kimefichwa. Bado una njia. Inamisha meza, toa droo, fungua mgongo wa kabati. Mafundi wengi hawapaki rangi sehemu hizo, na ubao utakuonyesha sura yake. Juu ukiwa mwekundu na chini ukawa mweupe wa maziwa, jiulize. Weupe ni ubao wa nje wa mti, hata wa akaju, na hapo ndipo vidudu vinavyotoa unga huanza kula.

Fuata mstari mmoja wa nyuzi kutoka juu ya meza mpaka ukingoni. Kwenye ubao mzima mstari unashuka na kuendelea. Ukikatika ukingoni na hapo ukaona tabaka, ni tripleksi (plaiwudi) iliyovikwa ngozi nyembamba ya ubao. Na ukiona doa lile lile, umbo lile lile, likijirudia kila baada ya sentimita arobaini, hiyo ni karatasi iliyochapwa. Tripleksi kwa mgongo wa kabati ni sawa kabisa, hata akaju nzuri huwekewa. Iandikwe tu kwenye bei.

Angalia pia ndani ya mikwaruzo. Rangi ya kupaka ikikwaruzwa inaacha mstari mweupe. Akaju ikikwaruzwa inabaki na wekundu wake.

Karatasi za ubao

Sheria ya misitu ya nchi yetu ya mwaka 2002 inataka anayekata mbao awe na kibali. Na Novemba 2022, huko Panama, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliingiza Khaya za Afrika kwenye orodha ya miti ambayo magogo, mbao na tripleksi zake hazivuki mpaka wa nchi bila ruhusa. Kwa hiyo ukipanga kupeleka mbao za akaju upande wa pili wa Grande Barrière, yaani Rwanda, tafuta karatasi kwanza. Hata kwa meza ya hapa hapa, muulize fundi mbao zimetoka wapi. Akishindwa kutaja hata eneo, mimi ningetafuta fundi mwingine.

Mama wa Himbi alirudi Jumamosi na vipimo vya sebule yake. Ana watoto watano, na meza yake ndiyo dawati la masomo kila jioni. Tumekubaliana: juu ya meza libuyu kavu, miguu na fremu mkaratusi uliokaa mwaka na miezi miwili kwenye vijiti vyangu, na viti sita vya libuyu. Akaju itaingia kwenye droo mbili tu. Upande wa chini nitauacha bila rangi, nipake mafuta peke yake, ili mgeni wake yeyote akiuliza ni ubao gani, amwambie ainame atazame.